Rafiki Yangu Aliiba Hata Ugonjwa Wangu

Nyie, mmewahi kuibiwa ugonjwa?

Sio simu. Sio mchumba. Ugonjwa!

Mimi nimeibiwa. Kweupe, asubuhi, ukumbi umejaa watu, na mwenyewe nimekaa safu ya tatu natazama.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema yule msichana jukwaani, sauti ikimtetemeka vizuri kabisa. "Benchi la darasa letu lilikuwa la baridi kama barafu. Baridi ile ikaniingia kwenye figo. Nililala hospitali majira yote ya baridi. Nilikuwa nawasikia wenzangu wakipita chini ya dirisha wakitoka shule, wanacheka..."

Mama mmoja mbele yangu akatoa leso.

Mimi nikashika kiti kwa mikono miwili nisije nikaanguka.

Kwa sababu, jamani... yule msichana hajawahi kulazwa hata siku moja!

Figo zile zilikuwa zangu. Dirisha lile lilikuwa langu. Na yeye alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanapita chini yake wakicheka!

Anaitwa Meerim. Rafiki yangu tangu hatujaota meno ya mbele.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nikiendelea hivi mtanichanganya na mwendawazimu.

Naitwa Saikal. Kijiji chetu kiko juu kabisa milimani, kwenye bonde la Alay, ambako mwezi wa kumi tu theluji imeshaanza kuchungulia. Nimemaliza chuo mjini Osh mwaka jana, nikarudi nyumbani kwa bibi yangu na cheti changu cha uchumi. Watu wakanicheka. Vijana wa kwetu wakimaliza chuo wanakwenda Urusi, hawarudi kijijini.

Mama yangu naye yuko Urusi, tangu nikiwa msichana mdogo. Aliyenilea ni bibi, Bibi Burul, ambaye bonde zima linamjua kwa felti zake.

Felti ni sufu ya kondoo. Unaitandaza, unaimwagia maji ya moto, unaiviringisha na kuikandamiza mpaka inashikana inakuwa nguo moja nzito. Ukikalia felti, baridi haikupati ng'o.

Sasa kwetu kondoo ni wengi kuliko watu, na sufu yao haina mnunuzi. Kila baada ya kunyoa watu wanaitupa mtoni au wanaichoma. Kijiji kizima kinanuka nywele zilizoungua.

Siku moja nikasimama mbele ya moto mmojawapo, nikajiuliza. Sufu inaungua hapa. Pale shuleni watoto wanakalia mabenchi ya baridi, na kila mama anawapigia kelele binti zake, "Usikae hapo, utaharibu figo, hutazaa!" Vitu viwili hivi havijawahi kukutana?

Ndipo nikapata wazo la kikalio. Kipande cha felti cha mraba, saizi ya kiti cha mtoto, kina nakshi nzuri asione aibu kukibeba. Anakikunja, anakitia kwenye begi, anakwenda shule.

Mimi nikikumbuka nilivyolala hospitali, wazo hili halikuwa biashara tu. Nilitaka mtoto mwingine asisikie wenzake wakicheka chini ya dirisha.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Meerim. Alinikumbatia akaruka juu.

"Shosti, hii ni kubwa! Tunafanya wote!"

"Tunafanya wote," nikasema.

Basi likatangazwa shindano la mawazo ya biashara, la bonde zima. Unapanda jukwaani, unaeleza wazo lako kwa dakika chache, majaji wanakuhoji, atakayeshinda anapewa mtaji. Ungetosha kununua mashine ya kuchambulia sufu. Bila mashine kazi yote inafanywa kwa mikono, na mikono ya bibi imeshapinda kama mizizi.

Mama alinipigia simu toka Urusi.

"Tiketi yako nimeshakata. Nimekutafutia kazi ya ofisini, ya kukaa ndani kwenye joto. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kujaribu hapa, mama."

"Haya. Ukishinda, baki. Ukishindwa, Jumapili uko kwenye ndege. Sitaki maneno."

Nikakubali. Hivyo ndivyo nilivyoweka maisha yangu yote kwenye kikalio kimoja.

Meerim ndiye aliyekwenda kutuandikisha. Picha za kuonyesha ukutani yeye ndiye aliyezipanga. Asubuhi ya shindano nikafika ukumbini kule mjini na bibi, tukamtafuta, hayupo. Napiga simu, haipokelewi. Nikamshika bibi mkono, nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, atakuja tu."

Bibi akauvuta mkono wake ndani ya koti. Nikadhani ni baridi. Kisha akaenda kukaa na wazee, upande wa kulia.

Ndipo mtangazaji akaita, "Mshindani wa tano, Meerim!"

Meerim. Peke yake. Jina langu halikutajwa.

Mengine mmeshayasikia.

Sasa subirini. Alipomaliza kuwaliza watu kwa figo zangu, Meerim akafungua mfuko, akatoa kikalio. Kahawia, na katikati pembe za kondoo za rangi nyekundu zilizojikunja.

Nikakitambua hapohapo.

Kwa sababu kile kikalio ni mimi niliyekikata!

Hapa inabidi mwelewe jinsi kazi yetu inavyofanywa. Unalaza felti nyekundu juu ya felti kahawia. Unakata zote mbili kwa pamoja, kisu kimoja, mkato mmoja. Halafu unabadilishana. Pembe nyekundu inaingia kwenye tundu la kahawia, pembe ya kahawia inaingia kwenye tundu la nyekundu. Hakuna kinachotupwa. Kila ukikata wanazaliwa mapacha, mmoja kinyume cha rangi za mwenzake.

Na nyumbani kwetu bibi ana desturi yake. Pacha mmoja unabaki naye. Wa pili unampa mtu ambaye kwako ni ndugu.

Ile jozi ilikuwa ya kwanza kuikata mwenyewe, bila bibi kunishika mkono. Kisu kiliteleza. Ncha ya pembe moja ikawa butu. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kondoo wako kavunjika pembe! Kapigana na nani huyu?"

Pacha mmoja nikabaki naye. Wa pili nikampa Meerim.

Ndiye huyo sasa yuko juu ya meza ya majaji.

Majaji walikuwa watatu, lakini waliokuwa wanasema ni wawili. Mmoja Mwalimu Zuura, mkuu wa shule ya pale mjini, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo. Wa pili ni bwana mmoja aliyetumwa na shirika lililotoa mtaji. Alikuja toka mji mkuu, Bishkek, na kisuti chepesi, akawa anatetemeka tangu asubuhi.

Yule bwana akakitia kikalio chini yake. Uso ukamlegea.

"Eeeh! Mimi hiki sirudishi!"

Ukumbi ukacheka. Meerim akacheka nao.

Mwalimu Zuura akauliza, "Umebuni mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mwalimu."

"Na kukikata?"

Akazigeukia picha ukutani. "Mwenyewe."

"Kipo kingine kama hiki?"

"Hapana. Ni hiki kimoja tu."

Nikasimama.

"Mwongo!"

Watu wote wakageuka.

"Dada, kaa chini," akasema mtangazaji. "Subiri zamu yako."

"Sina zamu! Zamu yangu ndiyo hiyo anayoitumia!"

Nikainama kwenye kiti changu. Ukumbi ule hauna moto, jamani, na mimi tangu siku ya hospitali sikalii kiti kitupu. Nilikuwa nimekikalia. Muda wote ule nilikuwa nimekalia ushahidi!

Nikakiinua juu. Chekundu, pembe za kahawia.

"Pacha wake huyu hapa!"

Ungesikia ule ukumbi... uuuuu!

Mwalimu Zuura ni binti wa bonde, haelezwi mapacha ni nini. Akaniita kwa kidole. Akalaza kimoja juu ya kingine, akavitazama pembeni, akavigeuza. Kila mkunjo ulilala juu ya mkunjo mwenzake. Hata ile ncha butu ililala juu ya ncha butu.

"Kisu kimoja," akasema.

Nikamtazama Meerim. Nilitaka anitazame. Nilitaka aone aibu, basi, tumalize.

Hakunitazama. Alitazama upande wa kulia wa ukumbi, kule alikokaa bibi yangu. Alitazama kama mtoto anayesubiri kuambiwa afanye nini.

Wakati ule sikuelewa.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo, ni pacha. Nilikata vyote viwili. Hicho... mimi ndiye niliyempa."

"Meerim!"

"Nilikupa, Saikal. Umesahau?"

Ndugu zangu, kuna uongo ambao ukiambiwa usoni unajikagua mwenyewe. Kwa sekunde moja nilijiuliza kama kweli nimesahau!

Mwalimu Zuura akagonga meza. "Nyamazeni. Mapacha wananionyesha kisu. Mkono hawanionyeshi." Akatafuta ukumbini kwa macho. "Bibi Burul si nimemwona hapa? Bibi, hawa wote wamekulia miguuni kwako. Mkono wa kila mmoja unaujua. Tuambie. Nani alikata?"

Nikapumua.

Nilitabasamu kabisa, nawaambia ukweli. Nikajua imeisha. Bibi hajawahi kusema uongo mbele ya watu. Watu wakigombea mpaka wa shamba wanamwita yeye.

Bibi akasimama taratibu. Akaja mpaka mezani, kitambaa chake cheupe kichwani. Akavishika vikalio vyote viwili. Kidole gumba chake kikapita juu ya ile pembe iliyovunjika. Kikapita tena.

Hakunitazama.

"Meerim," akasema. "Alikata Meerim."

...

Sijui niliteremkaje pale jukwaani.

Nakumbuka sauti tu.

"Kumbe mwizi ndiye anapiga kelele!"

"Msomi mzima! Hana haya!"

"Masikini bibi, kumtia aibu mzee wa watu..."

Nakumbuka makofi nikiwa nimeshafika mlangoni. Meerim ameshinda.

Nje nikapata lifti ya lori la viazi. Kijiji chetu kizima kilikuwa mashambani siku ile, ndiyo maana ukumbini hakukuwa na mtu wa kwetu wa kusema "figo zile ni za Saikal." Dereva alinitazama, akanipa kitambaa nifute uso.

"Umefiwa, dada?"

"Ndiyo."

"Nani?"

"Bibi yangu."

"Oo, pole sana. Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Yuko hai."

Akaongeza sauti ya redio.

Nilipofika nyumbani sikulia. Nilitoa begi chini ya kitanda, nikaanza kukunja nguo. Mama ameshinda. Jumapili naondoka, nitakwenda kukaa kwenye ofisi yenye joto na sitakuja kuiona felti maishani.

Nikaenda chumba cha chakula kuchukua birika. Mezani kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa safi.

Nikafungua.

Mkate. Wa mviringo, mzima, umepigwa mhuri katikati, umepakwa maziwa juu. Mkate wa safari.

Kwetu anayekwenda mbali anauma mkate mara moja tu. Uliobaki unatundikwa ukutani, unakaa hapo unamsubiri, mpaka arudi aumalize. Wa mama yangu bado uko ukutani mpaka leo. Umekuwa mgumu kama tofali, na alama za meno yake zinaonekana. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naweka meno yangu pale, nione kama yanaenea.

Sasa huu ulikuwa wangu.

Nikaugusa. Baridi. Nikaenda uani kwenye tanuru, nikatia mkono kwenye jivu.

Baridi.

Nikasimama pale uani na mkono wenye jivu, na akili yangu ikaanza kwenda polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Toka alfajiri mimi na bibi tulikuwa pamoja. Ukumbini alikuwapo. Hajarudi bado. Kwa hiyo huu mkate...

Bibi aliletwa na gari la abiria. Nilimsikia akivua viatu mlangoni, anahema. Nilikuwa nimekaa mezani, mkate mbele yangu.

"Bibi, huu mkate umeuoka lini?"

"Umekula? Kula kwanza."

"Nimeuliza umeuoka lini."

Akavua kitambaa cha kichwa. Akakikunja. Akakikunjua.

"Kabla hujaamka."

"Kabla sijaamka, nilikuwa bado sijashindwa."

Akakitundika kitambaa msumarini.

"Ulijuaje kwamba nitasafiri, bibi?"

Akakaa. Alionekana mdogo ghafla, kama amepungua njiani.

"Ni mimi," akasema. "Usimlaumu yule mtoto. Ni mimi niliyemwomba."

Jamani! Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Kwamba Meerim alimtisha. Kwamba alimdanganya. Kwamba uzee umemchanganya. Kwa hilo sikujiandaa.

"Ulimwomba nini?"

"Asimame peke yake. Alichukue hilo wazo, ashinde, ili wewe ushindwe. Alikataa, Saikal. Alikataa kila nilipokwenda. Mwisho nikalia mbele yake. Ni mtoto gani wa kwetu anaweza kumkatalia mzee anayelia?"

"Kwa nini?!"

Akanyoosha mikono yake juu ya meza. Vile vidole. Kimoja kimeangalia huku, kingine kule.

"Tazama. Tazama vizuri. Ungeshinda, ungebaki. Ungebaki, baada ya miaka, hii ndiyo ingekuwa mikono yako. Umesoma miaka yote ile uje ukandamize sufu na bibi kizee? Mama yako amekupatia kiti mahali penye joto. Wewe unabaki hapa kwa kunihurumia, na mimi sitaki kuhurumiwa kwa bei hiyo."

"Nani amekwambia nakuhurumia?"

"Mtu haambiwi. Anaona."

"Umeona vibaya! Sibaki kwa ajili yako, bibi. Nakupenda, lakini sibaki kwa ajili yako. Hili ni wazo langu. Mimi ndiye niliyelala hospitali, mimi ndiye niliyesimama mbele ya ule moto. Nilikuwa na furaha, bibi! Hukuniona nilivyokuwa na furaha?"

Akainamisha kichwa.

"Ile pembe iliyovunjika," nikasema, na hapo ndipo machozi yaliporudi. "Ulinicheka mwenyewe. Ulijua ni yangu. Umeishika mbele ya watu ukasema ni ya Meerim."

"Nilicheka kwa sababu hata ilipovunjika ilikuwa nzuri," akasema kwa sauti ya chini. "Niliiona, nikaogopa. Nikajua huyu haondoki tena."

"Si ungeniuliza!"

"Ungekataa."

"Basi hilo ndilo lilikuwa jibu langu!"

Nje ng'ombe wa jirani alikuwa analia.

"Na figo zangu?" nikauliza mwishoni. "Hizo nazo ulimwambia azitumie?"

Bibi akainua uso. Alikuwa ameshtuka kweli.

"Hizo hapana. Hizo aliongeza mwenyewe."

Mnaona? Kumbe kuna usaliti wa kuombwa, na kuna wa mtu kujiongezea.

Asubuhi yake nilikuwa nawasha moto, nikamwona bibi ametoka chumbani na kitambaa chake cheupe, koti la misibani, fimbo mkononi.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Nimesema uongo mbele ya watu. Siwezi kuufuta hapa jikoni."

Tulikwenda mpaka shuleni kwa Mwalimu Zuura. Walimu walikuwa wote chumbani kwao, na yule bwana wa Bishkek alikuwapo, anafunga mizigo yake. Bibi alikataa kiti. Alisimama katikati, akasema kila kitu. Aliyekata ni Saikal. Aliyeumwa ni Saikal. Aliyepanga uongo ni yeye. Sauti haikumtetemeka, ila fimbo ilikuwa inagonga sakafu tik, tik, tik.

Mnangoja nipewe ushindi, eeh?

Sikupewa. Yule bwana alisikitika kweli, lakini sheria zao ni kwamba wazo likiingizwa kwa udanganyifu linatoka, haijalishi aliyedanganya ni nani na aliyedanganywa ni nani. Mtaji akapewa Asanbek, mfuga nyuki. Asali yake ni nzuri, simwonei kijicho. Sana.

Tulipokuwa tunatoka, Mwalimu Zuura akaniita.

"Pesa ya mashine sina. Ila darasa la pili la kwangu, wale wa upande wa dirisha, wanakaa kama ndege walioloweshwa. Nitengenezee vyao. Nitawachangisha wazazi."

Jioni nikampigia mama.

"Siji, mama."

"Tulikubaliana, Saikal! Ukishindwa unakuja!"

"Sikushindwa. Niliangushwa."

"Na nani?"

"Muulize mama yako."

Nikampa bibi simu, nikatoka nje. Sijui walisemezana nini. Nilimsikia bibi akisema "ndiyo" nyingi sana, yeye ambaye hajawahi kumwambia mtu ndiyo.

Ule mkate sikuuuma. Niliumega vipande, tukaula na chai, mimi na bibi, hatutazamani.

Watu wengi wananiuliza kwenye ujumbe, "Saikal, umemsamehe bibi yako?" Sijui niwajibu nini. Bado nikimwona na kile kitambaa cheupe moyo unakaza. Halafu namwona anajaribu kufungua kifuniko cha chupa kwa vile vidole, nakwenda kumfungulia. Labda ndivyo kunavyoanza. Sijui.

Ila hili najua, na ndilo lililonifanya niandike. Ukimpenda mtu, muulize. Muulize kwa mdomo, na akikujibu, usikie. Usimwokoe kisirisiri. Mtu anayekuamulia maisha yako kwa upendo anakuibia sawasawa na mwizi, tofauti ni kwamba mwizi humpikii chai jioni.

Sasa ngoja niwamalizie.

Wiki iliyofuata viazi vilikuwa vimeshaingia ghalani, wanawake wa kijiji wakaja uani kwetu kutengeneza felti za darasa la Mwalimu Zuura. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Sufu ikishamwagiwa maji ya moto na kuviringishwa ndani ya mkeka, mnapiga magoti mstari mmoja, bega kwa bega, mnaisukuma kwa mikono mpaka kwenye viwiko, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mmoja akikosekana, upande wake unabaki laini, felti nzima inaharibika.

Siku ile mmoja alikosekana. Mkwe wa jirani, mtoto wake aliamka na homa.

Tulikuwa tumeshamwaga maji wakati geti lilipolia.

Meerim.

Amekonda. Ameshika kile kikalio changu cha kahawia kifuani kwa mikono miwili. Wanawake wote wakanyamaza, hata shangazi mmoja ambaye huwa hanyamazi.

"Nimekuja kurudisha," akasema. Halafu akaona ule mstari, akaona pengo. "Na kama... kuna nafasi..."



Nikamtazama bibi. Bibi ndiye mwenye ua ule. Maisha yangu yote yeye ndiye aliyesema nani aingie, nani atoke, nani akae wapi. Niliona mdomo wake umeshafunguka.

Akaufunga.

Akanigeukia. Mbele ya wanawake wote wale.

"Saikal," akasema. "Wewe unasemaje?"

Jamani... miaka yote ile. Ilikuwa mara ya kwanza bibi yangu kuniuliza.

Nilikaa nimepiga magoti, mvuke unanipanda usoni. Nilifikiria lile dirisha la hospitali. Nilifikiria kumwambia aende, na nilikuwa na haki, na nilijua hakuna ambaye angenilaumu.

Maji yalikuwa yanapoa.

"Sijakusamehe," nikamwambia Meerim.

"Najua."

"Kunja mikono ya nguo."

Nikasogea. Kidogo tu.